Tusiwapake Chokaa Watakatifu



Kila tarehe 1 Novemba Mama Kanisa hutualika kuinua macho na kuwatazama ndugu zetu waliotutangulia kwa Bwana. Wengi wetu tulipewa majina yao siku ya Ubatizo, na kila parokia ina somo wake, ambaye sikukuu yake tunaiadhimisha kwa Misa, nyimbo na chakula cha pamoja. Hata hivyo tukiulizana, "Huyo somo wako alikuwa mtu wa namna gani?", jibu mara nyingi huwa fupi: alikuwa mtu mwema, alisali sana, akafa, akaenda mbinguni. Maisha ya mtu mzima, yenye vita, machozi na majuto, yamegeuzwa kuwa sanamu ya plasta: uso mweupe, macho juu, mikono imeunganishwa kifuani, wala hapana jasho wala kovu.

Katika tafakari ya juma hili tunapenda kusema wazi kwamba mazoea haya ya kuwapaka watakatifu chokaa hayawapi heshima, nasi yanatudhuru. Yanatudhuru kwa njia mbili. Kwanza, Mkristo anayepigana na hasira, ulevi au uvivu wa kusali hujitazama, akaitazama ile sanamu, akahitimisha kwamba utakatifu ni wa watu wa kabila jingine. Pili, yule aliyezoea kuamini kwamba mtu wa Mungu hakosei kamwe, siku akiona kiongozi wa Kanisa ameanguka, imani yake nayo huanguka pamoja na kiongozi huyo. Hakuwa amejengwa juu ya mwamba; alikuwa amejengwa juu ya chokaa.

Maandiko Matakatifu hayakufanya hivyo. Mwinjili hakuficha kwamba Petro alimkana Bwana mara tatu mbele ya watumishi wakiota moto. Tena, baada ya Pentekoste, Petro akiwa tayari amejazwa Roho Mtakatifu, Mtume Paulo anatueleza katika Waraka kwa Wagalatia (2:11-14) jambo lililotokea Antiokia. Petro alikuwa akila pamoja na Wakristo wasio Wayahudi. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akaogopa, akajitenga na meza ile. Wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo, ambaye hakuwamo kati ya wale Kumi na Wawili, akamkemea Petro mbele ya wote, kwa sababu kuivunja meza ile kulikuwa ni kuivunja Injili yenyewe.

Ndugu wasomaji, wapo walioona aibu juu ya habari hiyo. Nao hawakuwa watu wadogo. Mtakatifu Yeronimo, yule aliyeagizwa na Papa Damaso kusahihisha tafsiri za Kilatini za Injili na baadaye akatafsiri sehemu kubwa ya Biblia, alifundisha kwamba ugomvi ule haukuwa wa kweli. Alifuata maoni ya Origene na walimu wengine wa Mashariki: ati Petro na Paulo walikuwa wameelewana kuigiza, Petro akijifanya kukosea na Paulo akijifanya kukemea, ili waamini wapate fundisho. Kwa namna hiyo heshima ya mitume wote wawili ilibaki salama, bila doa.

Mtakatifu Augustino, aliyekuwa Afrika ya Kaskazini katika mji wa Hippo, aliposoma ufafanuzi huo alifadhaika. Tangu miaka ya 394 au 395 alimwandikia Yeronimo aliyekuwa Bethlehemu. Hoja yake ilikuwa nzito. Tukikubali kwamba Paulo aliandika katika Maandiko Matakatifu jambo lisilo kweli, hata kwa nia njema, basi kila mtu atakapokutana na aya asiyoipenda atasema kwamba hapo pia mwandishi alikuwa akiigiza. Uongo mmoja wa kumlinda mtakatifu ungebomoa nyumba nzima.

Mawasiliano yale yenyewe yalikuwa na misukosuko. Barua ya kwanza haikumfikia aliyeandikiwa, kwa kuwa mchukuzi wake alifanywa askofu kabla ya kusafiri, kisha akafariki. Barua nyingine ikapotea njia, nakala zake zikasomwa na watu huko Italia kabla Yeronimo hajaiona. Yeronimo, mzee mwenye jina kubwa, akadhani kwamba askofu huyu kijana anatafuta sifa kwa kumshambulia hadharani. Akajibu kwa maneno makali, akimwonya asimchokoze mzee. Watakatifu wawili, wote Walimu wa Kanisa, wakakaribia kuvunja udugu kwa sababu ya barua iliyochelewa!

Hapa ndipo tunapomwona Augustino akishinda kwa unyenyekevu kuliko kwa hoja. Aliomba radhi kwa kila neno lililomchoma mwenzake, akakiri kwamba ingawa askofu ana cheo juu ya padre, katika mambo mengi Augustino ni mdogo kwa Yeronimo. Lakini ukweli hakuuacha. Katika barua yake ndefu ya mwaka 405 hivi alieleza kwamba Petro alikosa kweli, na Paulo alimkemea kweli. Na kwamba mfano uliotolewa na Petro siku ile ni wa thamani na wa nadra kuliko ule wa Paulo. Paulo alitufundisha kwamba mdogo aweza kumsahihisha mkubwa kwa ajili ya Injili. Petro alitufundisha jambo gumu zaidi, yaani mkubwa kukubali kusahihishwa na mdogo bila chuki.

Tulitafakari hilo sisi tuliolelewa katika desturi za kuheshimu wakubwa. Heshima kwa wazee, kwa wazazi, kwa mapadre na kwa viongozi wa Jumuiya ni tunu njema, wala tusiipoteze. Lakini mara ngapi tumeona mwenyekiti wa kamati asiyethubutu mtu kumwuliza habari za hesabu, au baba wa familia ambaye kumkosoa ni sawa na kumtukana? Kumbe mkubwa wa mitume alikemewa hadharani, akanyamaza, akabaki kuwa Petro. Utukufu wake haukupungua. Sherehe yake tunaiadhimisha tarehe 29 Juni, siku moja na yule aliyemkemea.

Yeronimo naye hatimaye alielekea upande wa Augustino. Mwaka 415, akiandika dhidi ya mafundisho ya Pelagio, alimtaja Petro kuwa mfano wa mtu mkuu aliyestahili kulaumiwa kwa jambo fulani. Na ni vema tukumbuke Pelagio alifundisha nini: kwamba mtu kwa nguvu ya utashi wake aweza kuishi bila dhambi. Watakatifu wetu wawili wakasimama pamoja kulipinga wazo hilo. Kanisa limeendelea kufundisha hivyo hata leo. Mtaguso wa Trento ulitamka kwamba hakuna mwenye haki awezaye kuziepuka dhambi zote, hata zile ndogo, katika maisha yake yote, isipokuwa kwa upendeleo wa pekee wa Mungu, kama Kanisa lisadikivyo juu ya Bikira Maria mbarikiwa. Kwa hiyo anayesema kwamba mtakatifu ni mtu asiyekosa kamwe anadhani anaitetea imani Katoliki, kumbe amerudi kwa Pelagio.

Tumtazame Yeronimo karibu zaidi, maana ulimi wake ulimpa taabu maisha yote. Rufino alikuwa rafiki yake tangu ujana. Wakatofautiana juu ya mafundisho ya Origene, wakaandikiana vitabu vya kushutumiana, na urafiki ukafa. Rufino alipofariki huko Sisilia, Yeronimo hakulia. Katika dibaji ya ufafanuzi wake wa nabii Ezekieli alimwita nge aliyefukiwa ardhini. Maneno hayo yapo hadi leo, na Kanisa halikuyafuta.

Lakini tukiendelea kukisoma kitabu kilekile tunakuta jambo jingine. Roma ilikuwa imetekwa mwaka 410, na wakimbizi walikuwa wakifika Bethlehemu, matajiri wa jana wakiomba mkate leo. Yeronimo anaeleza kwamba aliiweka kando kazi ya kuandika ili awahudumie, akitaka kuyageuza maneno ya Maandiko yawe matendo. Nge na wakimbizi wako katika kitabu kimoja, kutoka kwa mkono mmoja. Kanisa halikuutangaza ulimi wa Yeronimo kuwa mtakatifu. Lilimtangaza Yeronimo, mtu aliyeujua udhaifu wake, ambaye wachoraji wengi wamemwonyesha akijipiga kifua kwa jiwe mbele ya msalaba.

Na Augustino? Habari za ujana wake tumezisikia mara nyingi, hata pengine tumezizoea kupita kiasi. Aliishi na mwanamke mmoja kwa muda wa miaka ipatayo 15, wakamzaa mtoto Adeodato. Ulikuwa ni ule ambao siku hizi tunauita uchumba sugu. Huko Milano, ilipopangwa ndoa na msichana wa familia yenye hadhi, jambo ambalo mama yake Mtakatifu Monika alilishughulikia, mwanamke yule alirudishwa Afrika, na mtoto akabaki kwa baba. Aliondoka akimwahidi Mungu kwamba hatamjua mwanamume mwingine. Augustino yeye, akingoja ndoa yake, akamchukua mwanamke mwingine. Yote haya ameyaandika mwenyewe katika Maungamo. Alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi usiku wa Pasaka mwaka 387, na ile ndoa haikufungwa kamwe.

Tunapolisimulia tukio hilo huwa tunakimbilia wongofu wake. Tusimame kidogo kwa yule mama. Jina lake hatulijui. Katika sura hiyo ya maisha yao, mwaminifu alikuwa yeye. Hapa twajifunza kwamba dhambi ya mtakatifu ni dhambi kweli. Ina mtu iliyemwumiza, na mtu huyo Mungu anamjua kwa jina. Msamaha wa Mungu haufuti deni letu kwa wale tuliowajeruhi. Yeyote aliyemwacha mwenzi au mtoto bila msaada asijifiche nyuma ya Augustino. Amtafute kwanza yule aliyeachwa.

Wapendwa, yupo mtakatifu mwingine ambaye wachache kati yetu wanamfahamu. Anaitwa Marko Ji Tianxiang, Mchina, daktari aliyewatibu maskini. Aliugua tumbo, akatumia afyuni kama dawa, na afyuni ikamfunga. Alikwenda kuungama tena na tena dhambi ileile. Katika nyakati zile watu hawakuelewa bado kwamba uraibu ni ugonjwa. Padre akaona kwamba mtu huyu hana nia thabiti ya kuacha, akamwambia asirudi kwenye Sakramenti mpaka atakapojirekebisha. Hakufaulu. Kwa miaka ipatayo 30 aliishi bila maondoleo na bila Komunyo Takatifu.

Angeweza kuliacha Kanisa. Angeweza kusema kwamba Kanisa limemtupa, naye akatafuta pengine pa kwenda. Hakufanya hivyo. Aliendelea kuja Misa, akikaa huku akitazama wengine wakienda mezani pa Bwana. Mwaka 1900, wakati wa uasi wa Boxer, alikamatwa pamoja na watu wa familia yake. Walipotakiwa kuikana imani, yule asiyeweza kuikana afyuni hakumkana Kristo. Inasimuliwa kwamba aliomba auawe wa mwisho, ili asiwepo hata mmoja wa wanawe atakayekufa peke yake. Tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu pamoja na wafiadini wenzake wa China, jumla yao 120.

Wahenga wetu husema kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hiyo ina hekima yake katika malezi. Lakini Marko Ji alirudia kosa kila siku kwa miaka 30, na leo tunamwomba atuombee. Hakufa akiwa ameishinda afyuni, bali akiwa bado anapigana nayo, na Mungu akampa ushindi mahali pengine. Ni wangapi katika parokia zetu wamefungwa na gongo, na bangi, na kamari ya simu, nao wameacha kuja kanisani kwa sababu wanaona aibu? Ni wangapi ambao kwa sababu ya hali zao za ndoa hawapokei Komunyo, wakadhani basi hawana haja ya Misa, wala ya Jumuiya, wala ya sala? Kwao tunasema: njooni mkae pamoja nasi. Marko Ji alikaa benchi la nyuma kwa miaka 30, nalo likawa njia yake ya mbinguni.

Wakati mwingine chokaa hupakwa na wale wanaompenda mtakatifu. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu alipofariki huko Lisieux tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24, dada yake wa damu, Mama Agnes, aliyapitia maandishi yake, akayarekebisha kwa wingi kabla hayajachapwa mwaka 1898. Picha zake nazo ziliguswaguswa ili uso uonekane mtamu zaidi. Ilikuwa ni kwa mapendo. Maandishi kama alivyoyaandika mwenyewe yalitoka mwaka 1956, na hapo watu wakamwona vizuri zaidi msichana aliyesinzia katika sala, aliyejitahidi kumvumilia mtawa mwenzake aliyemkera, na ambaye katika miezi 18 ya mwisho alikuwa katika giza ambamo mbingu yenyewe ilionekana kwake kama haipo. Je, watu waliacha kumpenda? La hasha. Mwaka 1997 akatangazwa Mwalimu wa Kanisa.

Jambo hili linatugusa pia hapa nyumbani. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Wapo wanaosema haiwezekani: wanakumbuka watu waliohamishwa kwa nguvu katika operesheni ya vijiji miaka ya 1970, na waliowekwa kizuizini bila kushtakiwa chini ya sheria ya mwaka 1962. Wapo pia wanaokasirika mambo hayo yakitajwa tu, kana kwamba kuyataja ni kumtukana Baba wa Taifa. Hukumu ni ya Kanisa, wala hatuitangulii. Lakini kwa maoni yetu pande zote mbili zinapima kwa kipimo kimoja kilichopinda, yaani kwamba mtakatifu ni mtu asiyekosea. Kanisa huuliza maswali mengine: je, mtu huyu aliishi imani, matumaini na mapendo kwa kiwango cha kishujaa? Alifanya nini na ukweli alipouona? Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu mwenyewe aliandika waziwazi yaliyokuwa yameshindikana. Anayempenda hana sababu ya kuficha alichokiandika mwenyewe, na walioumizwa wana haki ya kusikilizwa. Kanisa kwa karne nyingi lilikuwa na ofisi yake ya kutafuta dosari za mtu anayependekezwa, hata watu wakamwita mhusika wakili wa shetani. Na baada ya taratibu kubadilishwa mwaka 1983, bado ushahidi wa kupinga hukusanywa.

Hata hivyo, hatuna budi kuonya. Mtu asitumie makosa ya watakatifu kama ruhusa, akisema, "Hata Augustino alichelewa, nami nitaongoka baadaye." Augustino aliijutia kila siku aliyochelewa. Tena tusichanganye udhaifu ulioungamwa na uovu uliofichwa. Jean Vanier, mwanzilishi wa jumuiya za L'Arche zinazowahudumia watu wenye ulemavu wa akili, aliposhafariki mwaka 2019 wengi walimwita mtakatifu. Mwaka 2020 L'Arche yenyewe ilitoa taarifa kwamba aliwadhulumu kijinsia wanawake waliomwendea kutafuta msaada wa kiroho, na uchunguzi wa mwaka 2023 ukataja wasiopungua 25. Hapo hatuzungumzii mapungufu ya mtakatifu. Petro alilia, Augustino aliandika, Marko Ji alikwenda kuungama. Yule mwingine alificha, na waliomheshimu kupita kiasi hawakuthubutu kuuliza. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mtakatifu hutofautiana na mnafiki kwa kuwa dhambi yake huileta kwenye mwanga, huiita dhambi, na humwachia Mungu nafasi ya kuiponya.

Basi tuwasome watakatifu kwa ukamilifu wao. Wazazi, mnapowaeleza watoto habari za masomo wao, msiwanyime sehemu ile ngumu. Mtoto mwenye hasira apate kujua kwamba Yeronimo alikuwa nayo. Makatekista, wafundisheni vijana wa Kipaimara kwamba Roho Mtakatifu alishuka juu ya Petro, na bado Petro alihitaji kukemewa Antiokia. Nasi sote tuipende Sakramenti ya Kitubio, kwa maana hapo ndipo chokaa hutoka na ngozi ya kweli huonekana mbele ya Yule ambaye hakuja kwa ajili ya wenye afya, bali kwa ajili ya wagonjwa.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Je, unafahamu nini juu ya udhaifu wa mtakatifu somo wako, na aliushughulikiaje?

2. Mara ya mwisho uliposahihishwa na mtu mdogo kwako kwa umri au cheo, ulimpokeaje?

3. Ni nani katika mtaa wetu ameacha kuja kanisani kwa sababu ya aibu, na nani kati yetu atakwenda kumtembelea juma hili?

Watakatifu wote wa Mungu watuombee. Tuwatakie nyote juma lenye baraka.